Singo, Liwa na Hina: Ngozi ya Bibi Harusi na Vikopo Visivyo na Jina

Msimu wa harusi ukikaribia, maduka ya vipodozi katika miji yetu ya pwani hujaa akina mama na mabinti zao. Huyu atafuta hina, yule marashi ya waridi, na wa tatu huuliza kwa sauti ya chini kama ile krimu ya kutakatisha imefika. Krimu hiyo aghalabu hutiwa katika kikopo kisicho na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, na muuzaji huapa kwamba ni miti shamba mitupu. Juma hili twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya kikopo hicho, na juu ya mambo yetu ya asili ambayo jina lake huazimwa ili kikopo kiuzike.

Tuanze na yaliyo yetu. Singo ya bibi harusi hutengenezwa kwa mawaridi yaliyokaushwa, asumini, liwa, manjano na marashi, ingawa viungo hutofautiana kutoka Lamu hadi Vanga, na kila nyumba yadai kuwa yake ndiyo ya asli. Liwa husuguliwa juu ya msio kwa maji kidogo kidogo hadi ipatikane rojo laini. Somo humsinga mwari kwa siku kadhaa kabla ya ndoa, na kazi inayofanyika hapo yaeleweka vyema hata na wataalamu wa ngozi: kusugua kwaondoa ngozi iliyokufa, mafuta yalainisha iliyobaki, na harufu yaganda mwilini. Manjano huacha rangi ya dhahabu kwa siku moja au mbili, kisha ikatoka kwa maji. Singo haikukusudiwa kumpa mwari rangi nyingine isiyokuwa aliyozaliwa nayo. Alitakiwa atakate, anukie na ang'are, na mwenye weusi wa kunde hung'ara sawasawa na mwenye weupe.

Krimu ya kikopo ina lengo jingine kabisa. Katika vipodozi vya kubadilisha rangi, vikiwemo vile vya mkorogo, kumepatikana mara nyingi zebaki, hidrokwinoni na dawa kali za jamii ya steroidi. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana uso huonekana mweupe haraka. Lakini haiishii usoni. Huingia mwilini ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, humfikia mtoto aliye tumboni, na huweza kuwaingia hata wengine wa nyumbani kupitia taulo, mito na mikono ya mama. Hidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuleta kinyume cha kilichotafutwa, yaani mabaka ya weusi wa buluu ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, ikachanika michirizi. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni tangu mwaka 1998, na bado vyauzwa chini ya meza, kwa sababu wanunuzi tupo.

Mama anayesoma kibandiko na aangalie maneno kama mercury, calomel na mercurous chloride, kwani yote yamaanisha zebaki. Palipo na onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu au fedha, pana sababu ya kuiogopa, kwani zebaki hushikana na madini hayo. Kikopo kisicho na kibandiko chochote hakihitaji kuchunguzwa. Kiachwe dukani.

Hina nayo imepatwa na mkasa wake. Majani ya mhina hutoa rangi ya chungwa inayokolea kuwa nyekundu ya damu ya mzee au hudhurungi, na hiyo huhitaji saa kadhaa mkononi na siku moja au mbili kukolea. Hina halisi haitoi weusi. Weusi wa haraka ni wa piko, na piko aghalabu ni dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kemikali hiyo huruhusiwa katika dawa za nywele kwa kipimo kisichozidi asilimia 2, na hairuhusiwi kuchorewa ngozi. Huku kwetu huchorwa mikononi hata kwa watoto wa miaka minne siku ya Idi. Anayedhurika huota malengelenge yakifuata maua yaleyale aliyochorwa, na alama zaweza kubaki. Zaidi ya hayo, mwili ukishaikataa kemikali hiyo huikataa maisha yote. Miaka mingi baadaye mwanamke apaka dawa ya nywele ili afunike mvi, na uso wote wavimba.

Hata hina iliyo safi ina mahali isipofaa. Kuna upungufu wa kurithi wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao huonekana zaidi katika jamii zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, pwani yetu ikiwemo. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akipakwa hina, chembe zake nyekundu za damu zaweza kuvunjika, akapata manjano na upungufu mkubwa wa damu. Twajua kwamba bibi wengi hupenda kumpaka mjukuu siku ya arubaini. Kwa heshima zote, twaomba hina ya mtoto ingoje.

Kwa ngozi ya kila siku, mafuta ya nazi yana ushahidi mzuri kuliko mengi yanayouzwa kwa bei kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa Ufilipino kwa watoto 117 wenye ukurutu, uliyalinganisha mafuta safi ya nazi na mafuta ya madini kwa wiki nane, na mafuta ya nazi yakashinda. Yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu, ili yaufungie ndani. Anayetawadha mara tano kwa siku akapatwa na magaga atafaidika akiyapaka visiginoni usiku na kuvaa soksi, baada ya kukausha vizuri katikati ya vidole, maana unyevu ukibaki hapo hualika fangasi. Mwenye chunusi asiyapake usoni, kwani huziba vinyweleo.

Jambo moja litawashangaza baadhi yetu. Mafuta ya zeituni, ambayo twayapenda kwa sababu zinazojulikana, yalichunguzwa Uingereza, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kuwa huidhoofisha ngozi inayolinda mwili, hata kwa watu wazima wasio na ukurutu. Baraka yake haipungui yakiwekwa mezani. Kumkanda nayo mtoto mwenye ngozi kavu ndiko kunakofaa kuachwa.

Ndimu pia si ya uso. Maji yake yakipigwa na jua la Mombasa juu ya ngozi huweza kuichoma na kuacha baka jeusi kwa miezi. Kitunguu saumu kibichi huunguza vilevile. Mafuta ya habasoda yajaribiwe kwanza ndani ya mkono, tone moja, na kungojewa siku mbili kabla ya kupakwa kwingine.

Binti ambaye tayari atumia krimu ya kikopo asiiache peke yake kwa ghafula ikiwa ameitumia kwa miezi, kwani steroidi ikikatwa hivyo uso huweza kuwaka na kuvimba. Aende kwa daktari wa ngozi pamoja na kikopo chenyewe, na mama yake aende naye bila kumlaumu. Kama harusi ni wiki mbili zijazo, somo aambiwe mapema asimsugue kwa singo wala kumpaka piko. Marashi juu ya nguo, udi, na mafuta ya nazi kwa mikono na miguu vitamtosha hadi ngozi ipone.