Ramani ya Nukta kama Zana ya Kufundishia Jiografia ya Binadamu: Mfano wa Mtawanyiko wa Watu Tanzania

1.0 Utangulizi

Jiografia ya binadamu huchunguza mahali watu wanapoishi, sababu za kuishi hapo na namna wanavyotumia ardhi. Mwanafunzi anayeanza somo hili huona kijiji au mtaa wake tu. Nchi nzima huijua kupitia picha, michoro na ramani. Makala hii inafafanua zana mojawapo, yaani ramani ya nukta, na kuonesha kuwa humfaa mwanafunzi pale tu anapofahamu jinsi ilivyochorwa.

2.0 Mtawanyiko Unaooneshwa na Nukta

Mwaka 1936 Clement Gillman, mhandisi aliyefanya kazi katika reli ya Tanganyika, alichapisha ramani ya mtawanyiko wa watu wa nchi hiyo, akauhusisha na upatikanaji wa maji. Sura ya jumla aliyoichora ingali inatambulika: watu wamesongamana kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, pwani, na katika nyanda za juu za kusini, ilhali sehemu kubwa ya katikati ina watu wachache. Ramani hiyo ikiwekwa kando ya ramani ya mvua, mwanafunzi huanza kuuliza kwa nini, na hapo ndipo somo linapoanza.

Ramani inayopaka kila mkoa rangi moja kulingana na msongamano haiwezi kufanya kazi hiyo kikamilifu. Mkoa wa Arusha, kwa mfano, hupata rangi ile ile kwenye mashamba ya migomba ya Meru na kwenye nyika kavu za Longido. Nukta huonesha tofauti iliyomo ndani ya mkoa.

3.0 Thamani ya Nukta

Kila ramani ya nukta huanza na uamuzi wa mchoraji: nukta moja iwakilishe watu wangapi? Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, na Mkoa wa Dar es Salaam pekee watu 5,383,728. Nukta moja ikiwakilisha watu 10,000, Dar es Salaam hupata nukta zipatazo 538, na nchi nzima husomeka kwa urahisi. Hata hivyo, jamii ya Wahadzabe, waishio karibu na Ziwa Eyasi na ambao idadi yao haifiki 10,000, haiwezi kupata nukta yake yenyewe. Nukta ikiwakilisha watu 500, jamii hiyo huonekana, lakini Dar es Salaam huhitaji nukta zaidi ya 10,700, ambazo huungana na kuwa doa jeusi lisilohesabika. Hakuna thamani isiyoficha kitu. Kwa hiyo wanafunzi wapewe takwimu zile zile, wachore ramani mbili zenye thamani tofauti, kisha walinganishe yaliyoonekana na yaliyopotea.

4.0 Maana ya Nafasi Tupu

Hatari kubwa zaidi imo katika sehemu zisizo na nukta. Sensa ya mwaka 2022 ilimhesabu mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Haikukusudiwa kuonesha malisho ambayo mfugaji wa Kimaasai au wa Kibarabaig huyafikia msimu wa kiangazi, wala mapori ambamo Wahadzabe huwinda na kuchimba mizizi. Mwanafunzi asiyeelezwa jambo hili husoma weupe wa karatasi kama ardhi isiyo na mwenyewe. Kosa hilo haliishii katika mtihani. Mwanafunzi huyo anaweza kesho kuwa afisa mipango anayegawa ardhi akiwa na ramani mezani. Tiba yake ni nyepesi: ramani ya nukta ifuatane na picha za malisho na mchoro wa njia za mifugo kwa misimu, na swali la kwanza liwe, “Nani hutumia mahali hapa pasipo na nukta, na wakati gani?”

5.0 Hitimisho

Imebainika kuwa ramani ya nukta huonesha kwa uwazi makazi ya watu, lakini hainyeshi matumizi yote ya ardhi. Mwalimu anapaswa kuhakikisha kila ramani ina mwaka wa takwimu, thamani ya nukta na maelezo ya namna watu walivyohesabiwa. Mwanafunzi aliyezoea kuyatafuta mambo hayo matatu ataweza kuihoji ramani yoyote atakayokutana nayo baadaye.