Umetakiwa kuwasilisha mada kwenye usaili wa kazi: jiandae hivi



Siku hizi baadhi ya waajiri hawatosheki na maswali na majibu. Humpa msailiwa mada, wakamtaka aieleze mbele ya jopo kwa dakika 10 hivi. Kijana mwenye elimu nzuri anaweza kuikosa kazi hapo, si kwa kutojua, bali kwa kutojiandaa.

Je, kujieleza ni kujisifu?

Nabii Yusuf ('Alayhis salaam) alipomuomba mfalme amsimamishe juu ya hazina za nchi, alitaja sifa zake mbili: ni mlinzi na ni mjuzi (Surat Yusuf: 55). Wanazuoni wamefahamu hapo kuwa inajuzu mtu kutaja sifa alizonazo pale panapohitajika, maadamu ni za kweli na hakusudii kujifakharisha. Kilicho haramu ni uongo, kama kudai kazi iliyofanywa na mwenzako.

Matayarisho

1. Isome mada kwa makini. Ukiombiwa ualimu ukaulizwa utawasaidiaje wanafunzi wa kidato cha pili wanaoshindwa hisabati, usieleze historia ya elimu. Jibu ulichoulizwa.

2. Gawa muda. Katika dakika 10: 1 ya kujitambulisha na kutaja jibu lako, 2 za tatizo, 5 za utakachofanya, na 2 za gharama, muda na hitimisho.

3. Slaidi tano au sita zinatosha, kila moja na jambo moja, kwa maandishi makubwa. Slaidi ni za kukukumbusha, si za kusomea jopo.

4. Chapisha nakala kwa kila msaili. Umeme ukikatika au projekta ikigoma, utaendelea.

5. Fanya mazoezi kwa sauti. Wazazi, baada ya Isha msikilizeni mwanenu, mmoja akishika saa. Akishindwa kumfahamisha mama yake, jopo nalo huenda lisimfahamu.

Siku yenyewe

Anayetoka Pemba kwenda Unguja asingoje boti ya asubuhi ya usaili. Avuke jana yake. Vaa nguo safi za stara. Ukinyooshewa mkono na asiye maharimu wako, weka mkono kifuani, tabasamu na usalimie kwa adabu. Muda wa Sala ukiingiliana na usaili, omba mapema ubadilishiwe zamu.

Zungumza taratibu, ukiwatazama wasaili bila kukodoa. Dada zetu nao waseme kwa sauti ya kusikika, bila kulegeza maneno. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui na ueleze utakavyolitafuta.

Nabii Musa ('Alayhis salaam) alimuomba Mola wake amkunjulie kifua na alifungue fundo la ulimi wake (Surat Twaha: 25-28), na akaomba pia ndugu yake Harun amsaidie, kwa kuwa ni fasaha zaidi. Basi omba dua, na usione haya kutaka msaada wa kujifunza.

Ama kutafuta "kimemo" cha kumpita anayestahiki, au kutoa hongo, hilo haliwi msaada. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) amemlaani mtoaji na mpokeaji rushwa. Riziki iko kwa Allah. Letu ni kujitahidi kwa njia ya halali.

Wallahu a'lam.