Kisanduku cha Dawa Kisimwaibishe Mgonjwa

Tiba ya kifua kikuu kwa kawaida huchukua miezi 6: miwili ya mwanzo kwa dawa za aina 4, minne inayofuata kwa aina 2. Kikohozi na homa hutulia mapema, na wapo wanaoacha dawa hapo, ilhali vimelea bado vimo mwilini na vyaweza kujenga usugu.

Ili kuwasaidia, vimebuniwa visanduku vya dawa vyenye kihisi na laini ya simu. Saa ya dawa ikifika, taa huwaka na kengele hulia. Mgonjwa akifungua kifuniko, taarifa humfikia mhudumu kupitia mtandao. Visanduku vya namna hii vimefanyiwa majaribio Tanzania, Ethiopia na Afrika Kusini.

Mgonjwa wangu mmoja alionekana kwenye kompyuta kuwa hakufungua kisanduku kwa siku 9. Tulikwisha kuandaa karipio. Alipofika kliniki, hesabu ya vidonge ilikuwa sahihi. Alipanga chumba katika nyumba yenye familia nyingi, na kengele ilipolia alfajiri majirani walianza kuuliza. Akahamishia vidonge kwenye kopo, kisanduku akakifungia kabatini.

Kosa halikuwa lake. Waliokisanifu kifaa hawakulala katika chumba kile. Kiwango cha kimataifa ISO 9241-210 kinataka msanifu aelewe kwanza watumiaji na mazingira yao, awashirikishe hatua zote, ajaribu, arekebishe, kisha arudie. Kwa kisanduku hiki, maswali ni mepesi: je, kengele yaweza kunyamazishwa? Chaji itapatikana wapi? Nani ataziona taarifa? Swali la mwisho ni la kisheria pia, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Ndugu mhudumu, kumbuka kuwa kihisi hutambua kifuniko kilichofunguliwa, hakitambui kidonge kilichomezwa. Ukiona siku tupu, piga simu uulize kwa upole kabla ya kulaumu. Kabla ya kumkabidhi mgonjwa kifaa, muulize anaishi na nani na angependa akumbushwe vipi.

Nawe mgonjwa, kifaa kikikusumbua, tueleze mapema. Twaweza kubadili saa ya kengele au njia ya kukufuatilia. Dawa endelea kumeza.