Bonde la Mahekalu na Mapafu ya Wakazi Wake

Alfajiri ya majira ya baridi huko Kathmandu, mji mkuu wa Nepali, wazee hulizunguka kwa miguu kuba jeupe la Boudhanath huku wakisali. Kwao matembezi hayo ni ibada na pia mazoezi ya mwili. Lakini saa hiyo ya sala mara nyingi ndiyo saa ambayo hewa ya bonde imechafuka zaidi.

Bonde la Kathmandu liko takriban meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, nalo limezungukwa na milima. Rutuba yake ililisha miji mitatu ya kifalme: Kathmandu, Patan na Bhaktapur. Mwaka 1979 UNESCO iliyaingiza maeneo yake saba katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2003 ikauorodhesha urithi huo miongoni mwa ulio hatarini, kwa kuwa ujenzi holela ulikuwa ukizimeza nyumba za kale. Ulitolewa katika orodha hiyo mwaka 2007, ila mji haukuacha kutanuka. Mashamba ya mpunga yamegeuka mitaa, barabara zimejaa pikipiki, na tanuri za matofali huwaka makaa ya mawe wakati wa kiangazi.

Usiku wa baridi, hewa baridi hutuama chini, na hewa yenye joto huifunika mithili ya kawa. Moshi hukosa pa kutokea mpaka jua lipande. Mwishoni mwa Machi 2021, moshi wa mioto ya misituni ulipoongezeka, serikali ilifunga shule nchini kote kwa siku nne.

Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa wastani wa chembe laini hewani kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa meta ya ujazo. Kathmandu huvuka kiwango hicho zaidi ya mara tano. Chembe hizo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa na kuingia katika damu. Huchochea pumu, na huongeza hatari ya kiharusi na maradhi ya moyo.

Je, mzee aambiwe aache ibada? Hatasikia, wala si haki. Aambiwe asogeze matembezi mpaka jua lipande, asiache dawa yake ya kuvuta, na ajue kuwa barakoa ya kitambaa haizuii vyema chembe hizo. Nasi watoa huduma, popote tulipo, tumuulize kila mwenye kikohozi sugu: unaishi wapi, unapikia nini, unatembea saa ngapi?

Jengo la kale la Kasthamandap, lililoporomoka katika tetemeko la ardhi la Aprili 25, 2015, limekwisha kujengwa upya. Vifuko vya hewa vikishaharibika havina fundi wa kuvijenga.