Sarufi ya Kiturkana na Kazi ya Mwanaisimu Gerrit Dimmendaal

Kataboi ni kijiji kilichoko kando ya magharibi ya Ziwa Turkana, kaskazini ya Lodwar, katika nchi ya wafugaji na wavuvi. Lugha isemwayo huko, Kiturkana, ni ya tawi la Kiniloti cha Mashariki, na jamaa zake wa karibu ni Kikarimojong na Kiteso cha Uganda, Kitoposa cha Sudan Kusini na Kinyangatom cha Ethiopia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi lugha hiyo ilivyokuwa msingi wa kazi ya mwanaisimu Mholanzi, Gerrit Dimmendaal, na kuonyesha deni ambalo taaluma bado inalo kwa wasemaji wake.

Mtaalamu wa Kigiriki huanza na maandishi ya karne nyingi. Anayechunguza lugha iliyoandikwa kidogo huanza na masikio yake na subira ya wenyeji. Dimmendaal, aliyezaliwa mwaka 1955, alijifunza Kiturkana kwa wasemaji wenyewe nchini Kenya, na sarufi yake, The Turkana Language, ilichapishwa Dordrecht mwaka 1983.

Sarufi hiyo inafafanua mambo ambayo sikio la mgeni huyapita upesi. Kwanza, Kiturkana kina irabu tisa, zinazogawanyika katika makundi mawili kwa jinsi shina la ulimi linavyosogezwa mbele au kurudishwa nyuma. Kwa kawaida irabu za neno moja hupatana kwa kundi. Pili, mwishoni mwa maneno mengi, kabla ya kituo, husikika irabu zinazotamkwa bila mtetemo wa koo, mfano wa mnong'ono. Asiyezizoea hudhani neno limekoma kwenye konsonanti. Tatu, kidatu cha sauti hubeba maana ya kisarufi.

Nomino nazo zina jinsia tatu, ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike, na kila moja huonyeshwa kwa kiambishi awali. Mbuzi mmoja ni akine, na wengi ni ngakinei. Maji huitwa ngakipi na maziwa ngakile, yote mawili kwa kiambishi cha wingi. Msomaji wa Kiswahili atatambua kwamba lugha yake nayo huyaweka maji na maziwa katika ngeli ya ma-, ingawa lugha hizi mbili hazina nasaba moja.

Kutoka kwenye lugha moja, Dimmendaal aliendelea kwenye historia ya lugha nyingi. Mwaka 1988 alichapisha jaribio la kuunda upya msamiati wa Kiniloti cha kale. Baada ya kufundisha Leiden, alishika uprofesa katika Chuo Kikuu cha Köln, Ujerumani, mwaka 2000. Huko alishughulikia pia Kitima cha Milima ya Nuba, Sudan, na mwaka 2011 akatoa kitabu kuhusu isimu ya kihistoria ya lugha za Afrika. Humo alipinga sehemu ya uainishaji wa Joseph Greenberg wa mwaka 1963, akitaka kila nasaba ithibitishwe kwa ushahidi wa sarufi, wala si kwa mfanano wa maneno peke yake.

Hata hivyo, sarufi iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Ulaya haimfikii kwa urahisi mwalimu wa Kataboi. Jambo hili lina uzito, kwani sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu Waturkana 1,016,174, na mtaala ulioanza kutumika nchini kote mwaka huohuo umezipa lugha za wenyeji nafasi katika madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi. Maandishi ya kawaida ya Kiturkana hutumia herufi tano tu kwa irabu tisa, na hayaonyeshi kidatu. Mtoto anayejua lugha hukisia kwa muktadha, lakini mwandishi wa kitabu cha kiada hana budi kujua kilichoachwa. Ujuzi huo umekwisha kukusanywa. Kinachohitajika ni kuuandika upya kwa lugha anayoisoma mwalimu, na kazi hiyo ingefaa ifanywe na wanaisimu wa Kiturkana wenyewe.