Sura ya Sita: Deni la Marehemu Kaka

Nikiitaja Dreamcast, mashine ya gemu ya Sega, mbele ya wapenzi wa gemu, majibu nayajua kabla sijamaliza sentensi. Mmoja atasema iliuawa na CD za kuchoma. Mwingine atasema iliuawa na PlayStation 2. Wa tatu, na huyu ndiye anayenipandisha presha, atasema "ilikuja kabla ya wakati wake", kana kwamba bidhaa hufa kwa kalenda. Tena yupo wa nne, anayeona nuksi katika tarehe iliyoingia madukani Marekani: 9 Septemba 1999, tisa tupu. Katika saa 24 za kwanza za nuksi hiyo Sega iliuza mashine zaidi ya 225,000, na mauzo pamoja na gemu zake yakafika dola milioni 98.4. Nuksi ya namna hiyo nami naiomba.

Nilipanga sura hii iende kwa utaratibu: bei kwanza, gemu zifuate, kifo mwisho. Tuanze na bei.

Muuza redio hupata faida yake palepale kaunta. Muuza mashine ya gemu mara nyingi huitoa kwa faida kiduchu au kwa hasara kabisa, kisha hukaa kungoja, maana kila gemu itakayouzwa baadaye, hata iliyotengenezwa na kampuni nyingine, humletea fungu lake. Ni sawa na mtu anayekupa jiko la gesi kwa bei ya kutupa ili umrudie kununua gesi miaka mitano. Mpango huo unahitaji watu watatu wakubali kutoa fedha leo kwa ahadi ya kesho: mteja aamini mashine haitatelekezwa, mwenye duka aamini atapata mzigo, mtengeneza gemu aamini wanunuzi watakuwepo. Kwa hiyo mwenye mashine anafanya biashara huku akikopa, na anachokopa ni imani.

Ndiyo maana bei ya Dreamcast siwezi kuieleza bila kupitia Los Angeles, 11 Mei 1995. Siku hiyo sichoki kuisimulia.

Yalikuwa maonyesho ya kwanza ya gemu ya E3. Sega ilikuwa imetangaza kwamba mashine yake ya Saturn ingeingia madukani Marekani tarehe 2 Septemba. Mkuu wa Sega ya Marekani, Tom Kalinske, akapanda jukwaani na kutoboa siri: Saturn iko madukani tayari, dola 399. Ilikuwa shtukizo la kumwahi Sony, lakini walioshtuka zaidi ni marafiki. Mzigo ulikuwa mashine 30,000 hivi, wakapewa wauzaji wanne tu. KB Toys, waliorukwa, wakakasirika wakaacha kuuza bidhaa za Sega. Kampuni za gemu zilizokuwa zinajiandaa kwa Septemba hazikuwa na kitu mkononi, kwa hiyo aliyenunua mapema alikaa miezi bila gemu mpya za maana. Siku hiyohiyo Steve Race wa Sony akapanda jukwaani, akatamka bei ya PlayStation, 299, akashuka. Hotuba ilikuwa hiyo tu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Hapo usisahau waliokwishanunua 32X, kile kifaa cha kuchomeka juu ya Mega Drive, mashine ya Sega iliyoitangulia Saturn, Novemba 1994. Nusu mwaka baadaye walikuwa wanaambiwa wanunue mashine nyingine. Saturn ikaishia mashine milioni 9 na ushee duniani, PlayStation ikapita milioni 100. Kuanzia mwaka wa fedha ulioishia Machi 1998, Sega ikawa inaandika hasara kila mwaka.

Dreamcast ilizaliwa Japani tarehe 27 Novemba 1998 katika nyumba hiyo, na madeni ya marehemu kaka yake yakahamia kwake. Hata siku ya kuzaliwa chipu za picha kutoka NEC hazikutosha, mzigo ukapungua.

Sasa CD za kuchoma. Ni kweli, mlango ulikuwa wazi: mashine ilikubali muundo uitwao MIL-CD, uliokusudiwa kwa muziki, na katikati ya 2000 wajanja wakapitishia hapo gemu za kunakili bila hata kufungua mashine. Lakini hasara zilikuwa zimeanza miaka miwili kabla. Halafu, jamani, vibanda vya gemu tulivyokulia Dar es Salaam na Nairobi vilijaa PlayStation 2 zenye diski zilizoandikwa majina kwa kalamu ya wino mzito, na PlayStation 2 hiyohiyo imeuzwa zaidi ya milioni 155. Kama diski feki zingekuwa zinaua, ile ingezikwa wiki ya kwanza.

Na kuhusu PlayStation 2 yenyewe: ilikuwa na DVD, hilo silikatai, na Japani lilikuwa jambo kubwa. Ila itazame Krismasi ya 2000 Marekani. Sony ilikuwa imepunguza mzigo wa kwanza kwa nusu, mashine hazionekani, na bei ni dola 299. Dreamcast ipo rafuni, tele, dola 149. Watu wakaangalia rafu, wakaamua kungoja. Kungoja huko ndiko kulikoiua.

Walioungana nao kukataa ni Electronic Arts, ambao hawakuitengenezea hata gemu moja. Bernie Stolar, aliyeongoza Sega ya Marekani, alieleza kwamba walidai wawe peke yao kwenye gemu za michezo, wakati Sega ilikwishanunua studio yake, Visual Concepts. Kwa hiyo Arsenal, timu iliyodhaminiwa na Sega, ilivaa neno Dreamcast kifuani, na shabiki mwenye Dreamcast nyumbani hakuwa na FIFA, gemu ya Electronic Arts, ya kuichezea Arsenal hiyo.

Tarehe 31 Januari 2001 Sega ikatangaza kuacha kuitengeneza. Mwishowe jumla ya zilizouzwa ikafika milioni 9.13. Mwenyekiti Isao Okawa, aliyekuwa ameikopesha kampuni dola milioni 500, akasamehe deni na kuirudishia hisa zenye thamani ya dola milioni 695, kisha akafariki tarehe 16 Machi. Mei 2002 mshambuliaji Wiltord alifunga Old Trafford, uwanja wa Manchester United, bao lililoipa Arsenal ubingwa, akiwa na jezi ya dhahabu yenye herufi nne kifuani: SEGA. Mkataba wa jezi ulikuwa haujaisha.