Kuudhika Si Kughadhibika: Maneno ya Kiingereza Yapimwe Kabla ya Kuandikwa

Mtu aliyekanyagwa kidole sokoni huudhika. Mtu aliyetukaniwa mamaye hughadhibika. Mama ambaye mwanawe hajarudi nyumbani hadi saa tatu usiku hufadhaika. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa tofauti hizo. Lakini mtu huyo huyo anapolazimika kuyaandika mambo hayo kwa Kiingereza, aghalabu hulishika neno moja tu, ama "annoyed" ama "disturbed", akalifanya panga la kukatia kila mti.

Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini kwa askari na jamaa zake si dogo hata kidogo. Nchini Uganda, mathalani, Kiswahili kimetumika kwa miaka mingi jeshini na katika polisi, ilhali Kiingereza ndicho lugha ya mahakama. Maelezo yaweza kutolewa kwa lugha moja na kuandikwa kwa lugha nyingine, na wasomaji wa baadaye, hakimu akiwa miongoni mwao, huyaona yale tu yaliyoandikwa.

NGAZI ZA HASIRA

Maneno ya Kiingereza ya hasira yana ngazi kama vyeo. Katika ngazi za chini limo "irritated", yaani kukereka, hasa kwa jambo dogo linalorudiwarudiwa; hata ngozi inayowasha na kuwa nyekundu hutajwa kwa neno hilo. Karibu yake lipo "annoyed", yaani kuudhika. Juu yake lipo "angry", ambalo ndilo kukasirika kwenyewe. Juu kabisa lipo "furious", yaani kughadhibika hata mtu akakaribia kushindwa kujizuia.

Ipo njia nyepesi ya kuzitambua ngazi hizo. Mwingereza husema bila shida kwamba mtu ameudhika "kidogo", akatumia "annoyed". Lakini akisikia mtu ni "furious" kidogo, atacheka, kwa kuwa ghadhabu haina udogo.

Yafaa pia kuangalia mwisho wa neno. "Annoyed" ni yule aliyeudhiwa. "Annoying" ni yule anayeudhi. Mwenye kuandika barua ya malalamiko akajieleza kuwa yeye ni "annoying", amekiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba yeye ndiye msumbufu. Hali kadhalika, Waingereza humkasirikia mtu kwa kiungo "with", na hulikasirikia jambo kwa kiungo "about".

Neno "mad" nalo lina hatari yake. Katika Marekani hutumika kila siku kwa maana ya kukasirika. Katika Uingereza maana yake ya kwanza ni wazimu. Anayeandika kwamba jirani yake ni "mad" hana budi kujua ni nani atakayeisoma barua hiyo.

TAABU YA MOYO

Si kila moyo uliochafuka una hasira. "Worried" ni mwenye wasiwasi. Hapo kale asili ya neno hilo ilikuwa kukaba koo, na hata leo mbwa akiwafukuza na kuwang'ata kondoo, Waingereza hulitumia neno lilo hilo. Mwenye wasiwasi, basi, ni kama aliyekabwa. "Upset" lina maana ya kupinduliwa, kama kikombe kilichomwaga chai. Humfaa mtu aliyepatwa na huzuni na uchungu kwa pamoja. "Troubled" lina nasaba na maji yaliyovurugwa, na humfaa mwenye fikira nzito zisizompa usingizi.

Neno linaloleta makosa mengi ni "disturbed". Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki, watu wengi husema mtoto "disturbs" wakiwa na maana kwamba anasumbua tu. Lakini mtoto akiitwa "disturbed", Mwingereza huelewa kwamba mtoto huyo ana matatizo makubwa ya akili au ya hisia. Tuseme mke wa askari aliyehamishwa anamwandikia mwalimu mkuu kwamba mwanawe ni "disturbed", ilhali alitaka kusema tu kwamba mtoto amehuzunika kwa kuwakosa rafiki zake wa zamani. Mwalimu asiyemjua mtoto huyo aweza kumwangalia kwa jicho jingine muhula mzima. Neno "upset" lingalitosha.

MBELE YA SHERIA

Polisi wanayo sababu kubwa zaidi ya kuyapima maneno haya, kwa kuwa baadhi yake yamo ndani ya sheria. Katika sheria za adhabu za Uganda na Tanzania, mtu aliyeingia katika mali ya mwenziwe pasipo haki huwa na hatia ikiwa alikusudia kutenda kosa, au kumtisha, kumtukana au kumuudhi mtu. Neno lililotumiwa hapo kwa Kiingereza ni "annoy". Maneno hayo yalikwisha kuwamo katika sheria ya adhabu ya India ya mwaka 1860.

Zito zaidi ni neno "provocation", yaani uchokozi. Aliyeua aweza kuhesabiwa kuwa ameua bila kukusudia, iwapo alitenda akiwa katika ghadhabu iliyowashwa na uchokozi wa ghafla, kabla moyo haujapata nafasi ya kupoa. Tuseme mshtakiwa amesema kwa Kiswahili, "Nilighadhibika hata sikujijua." Mwandishi wa maelezo akiandika kwamba alikuwa "annoyed", atakayesoma ataona mtu aliyeua kwa udhia mdogo. Ni kweli kwamba mahakama haiamui kwa neno moja. Hutazama kitendo cha uchokozi chenyewe. Walakini neno dhaifu huidhoofisha kauli ya mtu kabla hajasikilizwa.

Kinyume chake pia ni hatari. Mtu aliyekereka tu kwa kelele za jirani, akiandikwa kuwa alikuwa "furious", amepewa sababu ya kulipiza kisasi ambayo hakuwa nayo. Siku nyumba ya jirani ikiungua, neno hilo litamrudia.

NJIA YA KUFUATA

Kwanza, maneno ya msemaji na yaandikwe kama alivyoyasema, katika lugha yake, ndipo tafsiri ifuate. Pili, yaandikwe yale yaliyoonekana: alipaza sauti, alipiga meza, mikono ilitetemeka. Matendo hayapotei upesi katika tafsiri kama yapoteavyo majina ya hisia. Tatu, maelezo yasomwe tena mbele ya mwenyewe, naye aulizwe: uliudhika, au ulighadhibika?

Nyumbani nako utaratibu huo wafaa. Kabla ya kuitia barua katika bahasha, mama au baba na ajiulize kama neno alilolichagua lingemfaa aliyekanyagwa kidole, au aliyetukaniwa mamaye, au aliyemngoja mwanawe hadi usiku. Akiisha kumjua ni yupi kati ya hao watatu, neno la Kiingereza litakuwa rahisi kupatikana.

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na aliyejikwaa kalamu, kosa lake hubaki katika jalada.